Safari ya mzigo: kutoka mlango wa Mwant Yav hadi kiwanja cha ndege cha Bole

MUSUMBA, Kapanga – Mtu anayetoka Musumba kumfuata mtoto wake Ubelgiji au Kanada anaanza safari kwa pikipiki au kwa lori. Anapita Sandoa na Kasaji, anafika Kolwezi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Kutoka Kolwezi anapanda basi hadi Lubumbashi, na kule Luano ndipo anapopata ndege ya kwenda nje ya nchi. Hata hiyo haimfikishi. Inamshusha Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg, na pale anangoja ndege nyingine, mara nyingi usiku kucha. Akifika Ulaya huenda bado kuna ya tatu.

Katika njia yote hiyo, valizi yake inapita mikononi mwa watu wengi asiowajua. Mwenye pikipiki anaifunga kwa mpira, kijana wa lori anairusha juu ya magunia ya mihogo, mpakiaji wa Luano anaiweka kwenye ndege, na mwingine wa Addis anaihamisha. Kila inapohama kuna hatari ya kuachwa nyuma. Jambo hili lilianza kabla ya ndege. Historia ya watu wa Musumba na jirani zao wa Lualaba inaonyesha kwamba kwa miaka zaidi ya 200 mzigo umekuwa ukipotea mahali pale pale: pale unapobadilisha mikono.

Wakati Musumba ilipokuwa inasubirisha wageni

Musumba ni makao ya mfalme wa Walunda. Zamani hayakuwa mahali pamoja. Mwant Yav mpya alijenga musumba yake mwenyewe, katika nchi ile ile ya mto Kalanyi. Lakini popote ilipojengwa, njia ziliifuata. Kutoka magharibi, upande wa Kasanje na Luanda, zilikuja nguo, bunduki na shanga. Kutoka mashariki, kwa Kazembe wa Luapula, ulikuja ushuru wa mtawala aliyetoka ukoo wa Kilunda. Pembe za ndovu, chumvi na shaba zilipita hapo. Watu waliofungwa na kuuzwa walipita hapo pia, na jambo hilo lisifichwe.

Kwa maneno ya leo, Musumba ilikuwa mahali pa kubadilisha ndege. Msafara uliotoka Atlantiki haukupita kwenda mashariki bila ruhusa ya mfalme. Mfalme ndiye aliyetoa kiongozi wa njia, na mfalme ndiye aliyeweza kusema: hapa ndipo mwisho wenu, rudini.

Mfano mkubwa ni wa wapombeiro wawili, Pedro João Baptista na Amaro José. Hawa walikuwa Waafrika watumwa, waliotumwa na bwana wao Mreno wa Kasanje kutafuta njia ya kuvuka bara hadi Msumbiji. Waliondoka mwaka 1802. Mwaka 1806 waliachana na Mwant Yav wakaelekea kwa Kazembe. Kule Kazembe walizuiwa karibu miaka minne, kwa sababu ya vita na kwa sababu mtawala hakutaka waendelee. Walifika Tete mwezi wa Februari 1811. Kisha ilibidi warudi kwa njia ile ile, na walipoingia tena Angola miaka kumi na zaidi ilikuwa imepita. João Baptista aliandika daftari la safari, siku kwa siku, na ndiyo sababu habari zao zinajulikana. Mtu anayelalamika leo kwamba amengoja saa 14 Addis Ababa ana haki ya kulalamika, lakini wapo waliomtangulia.

Wazungu pia walisubirishwa. Mjerumani Paul Pogge alifika Musumba Desemba 1875, na Max Buchner akafika Desemba 1878. Wote wawili walitaka kuendelea mbele zaidi. Wote wawili walikataliwa na Mwant Yav, wakarudi Angola.

Kilo thelathini kichwani

Mizigo ya misafara hiyo ilibebwa na wapagazi. Upande wa mashariki, kutoka Bunkeya kwa Msiri hadi pwani ya Bahari ya Hindi, wafanyabiashara walihesabu mzigo kwa frasila. Frasila moja ni karibu kilo 16, na mzigo wa mpagazi mara nyingi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Juu yake mtu aliongeza mkeka wake, sufuria na chakula. Kwa njia hiyo hiyo ya wapagazi Kiswahili kilifika Katanga, kabla ya reli na kabla ya mgodi.

Leo mashirika ya ndege yanasema valizi moja isizidi kilo 32. Tiketi nyingi za kawaida huruhusu kilo 23, lakini kilo 32 ndiyo mwisho hata kwa anayelipa zaidi. Sababu ni mgongo wa mpakiaji. Pamoja na mashine zote, bado kuna mtu anayeinama na kuinua valizi kwa mikono ndani ya tumbo la ndege. Ndege imebadilika, mtambo umebadilika, lakini mzigo wa mwanadamu umebaki karibu frasila mbili.

Msafara ulikuwa na desturi zake za kulinda mali. Kila mzigo ulifungwa kwa namna yake na kuwekewa alama, na mpagazi alijua mzigo wake. Asubuhi hakuna aliyebeba wa mwenzake. Mzigo ulipotea mpagazi alipougua au alipotoroka, au kwenye kivuko cha mto ambapo mtumbwi mmoja ulibeba mali ya watu wengi. Hata wakati huo, hatari ilikuwa kwenye kuhama.

Reli iliyopita mbali

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaunganishwa hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, kwenye mto Kasai. Mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo ikakutana na reli ya Benguela inayokwenda bandari ya Lobito. Kolwezi ikakua juu ya njia hiyo. Kapanga haikupata reli. Mtu wa Musumba aliyetaka treni alitembea kwanza, au alitafuta lori la misheni au la mfanyabiashara.

Wahandisi wa shaba waliujua vizuri ubaya wa kubadilisha mikono. Kwa njia iliyoitwa ya taifa, shaba ilipanda treni hadi Ilebo, ikashushwa na kupakiwa kwenye mashua hadi Léopoldville, ikashushwa tena na kupakiwa kwenye treni ya Matadi, kisha ikaingia meli. Kwa njia ya Lobito, behewa lililofungwa Kolwezi lilifunguliwa baharini, kwa kuwa reli zote mbili zina upana mmoja. Kila kushusha na kupakia ni pesa, ni siku, na ni mali inayopungua. Ndiyo maana vita vya Angola vilipoifunga njia ya Benguela mwaka 1975, Shaba yote iliumia.

Reli ndiyo iliyoleta pia kile kikaratasi cha mzigo. Mwaka 1882 John Michael Lyons wa Moncton, Kanada, aliandikisha hati ya uvumbuzi wa tiketi ya mzigo yenye vipande viwili: kimoja kinabaki kwenye sanduku, kingine anapewa mwenye sanduku. Kipande kile kidogo ndicho ushahidi kwamba mzigo ni wake. Ndege ziliipokea desturi hiyo. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 uliweka sheria ya kwanza ya kimataifa juu ya mizigo ya abiria wa ndege, na ukaweka fidia kwa kilo: faranga 250 za dhahabu kwa kila kilo. Kwa sheria hiyo, kilo ya kanga za harusi na kilo ya chumvi ziliwekewa mpaka mmoja.

Ndege, na wana wa Musumba

Mwaka 1925 Edmond Thieffry, Mbelgiji, aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville kwa siku 51. Mwaka uliofuata shirika la Sabena lilifungua njia ya kufika Elisabethville ndani ya koloni. Mwaka 1935 ikaja safari ya kawaida kati ya Brussels na Kongo, ya siku chache tu, huku abiria wakilala njiani. Ndege hizo hazikuwa za mwenyeji. Mwenyeji alibeba mizigo ya waliosafiri.

Kisha kiwanja cha Luano kikawa mlango wa siasa. Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba mwaka 1919, alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Siku iliyofuata ndege iliyomleta Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba ilinyimwa ruhusa ya kutua Elisabethville. Tarehe 17 Januari 1961 ndege nyingine ilitua Luano ikiwa na Lumumba, Mpolo na Okito wamefungwa kamba. Waliuawa usiku ule ule. Na Tshombe mwenyewe safari yake ya mwisho ilikatika angani. Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyopanda huko Uhispania ilitekwa nyara na kupelekwa Algiers. Alifia kizuizini huko Algeria mwaka 1969, akazikwa Ubelgiji. Mwana wa Musumba alifika kwenye kiwanja ambacho hakikuandikwa kwenye tiketi yake.

Kolwezi: kiwanja kimoja, mizigo ya namna mbili

Wazee wa Kapanga hawasahau Machi 1977. Wapiganaji wa FNLC walivuka mpaka kutoka Angola, na Kapanga, Dilolo na Kisenge zikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kushikwa. Jeshi la Zaire lilipoirudisha nchi mikononi mwake, likisaidiwa na askari wa Moroko walioletwa kwa ndege za Ufaransa, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Angola. Walikwenda kwa miguu. Walibeba sufuria, blanketi, jembe na mtoto mgongoni.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji waliingia Kolwezi. Tarehe 19 Mei askari wa Ufaransa waliruka kwa miavuli, na kesho yake Wabelgiji wakatua kwenye kiwanja cha ndege. Katika siku mbili tatu Wazungu zaidi ya 2,000 walisafirishwa kupitia kambi ya Kamina hadi Ulaya. Wengi waliacha nyumba wazi, na walichukua kile kilichoenea mkononi. Huko porini na barabarani, wenyeji wa Kolwezi walikuwa wakikimbia na mafurushi yao, na hakuna aliyewaandikia orodha ya abiria.

Makundi yote mawili yalijifunza jambo moja. Wakati wa kukimbia, kinachosalia ni kile mtu alichoshika mwenyewe.

Somo hilo lilirudi kwa uchungu mwaka 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu walipoteza makao. Familia zililala kwenye stesheni kwa wiki na kwa miezi, zikingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, zimekaa juu ya magodoro, mashine za kushona na masanduku ya vyombo. Treni ilipofika haikuwa na nafasi ya vyote. Wengi walikufa, hasa watoto, kwenye stesheni na njiani. Walionusurika wengine walifika na karatasi tu: cheti cha kuzaliwa, diploma, kitabu cha ndoa. Miaka mingi baadaye, karatasi hizo ndizo zilizowapa kazi na shule za watoto.

Mfuko mweupe

Leo kuna namna nyingine ya safari. Wakimbizi wa Kongo walioishi miaka mingi Nyarugusu huko Tanzania, Kakuma huko Kenya au Meheba huko Zambia wamepelekwa Marekani, Kanada, Australia na Ulaya. Safari zao hupangwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na kila familia hupewa mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu. Ndani mna karatasi za safari, vyeti vya hospitali, na mara nyingi picha za kifua. Abiria huambiwa: usiuweke kwenye valizi, usimpe mtu, ushike kifuani ili uonekane.

Mfuko huo ni karatasi na ni alama pia. Mtu asiyejua lugha ya kiwanja, aliyeshuka Nairobi au Addis Ababa mara ya kwanza maishani, anaonekana kwa mbali na wafanyakazi wanaomngoja, nao wanamwongoza hadi mlango wa ndege inayofuata. Kazi hiyo zamani ilifanywa na kiongozi wa njia aliyetolewa na Mwant Yav.

Lakini njia inaweza kufungwa hata kwa mwenye mfuko. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Wapo waliokuwa wameuza vitanda na sufuria. Kama wapombeiro kwa Kazembe, waliambiwa wangoje bila kuambiwa mpaka lini.

Namna mzigo unavyohama leo

Katika viwanja vikubwa kama Bole, kikaratasi cha valizi kina nambari ya tarakimu kumi na mistari myeusi. Valizi inapita kwenye mkanda, taa inasoma mistari, na mtambo unaisukuma kuelekea ndege yake. Juni 2018 kanuni ya IATA nambari 753 ilianza kuyataka mashirika kuufuatilia mzigo mahali panne: unapopokelewa, unapopakiwa, unapohamishiwa shirika lingine, na unaporudishwa kwa mwenyewe. Na takwimu za mashirika zinaonyesha yale ambayo mpagazi alijua: valizi nyingi zinazochelewa huchelewa kwenye kuhama, kati ya ndege moja na nyingine. Ndege ya kwanza ikichelewa, mtu anaweza kukimbia akaiwahi ya pili. Valizi haikimbii.

Kwa hiyo anayejiandaa, au anayemwandaa mzazi wake, ashike mambo haya.

Luano, kabla ya kuachia valizi, asome herufi tatu kwenye kikaratasi. Ziwe za mji wa mwisho, kwa mfano BRU kwa Brussels. Zikiwa ADD, valizi itaishia Addis Ababa. Hilo hutokea hasa kwa mtu aliyenunua tiketi mbili mbalimbali ili apunguze bei: valizi hufuata tiketi ya kwanza, naye anaweza kudaiwa viza ili atoke kuichukua. Tiketi moja ya safari nzima ni ghali kidogo, lakini valizi inaandikiwa safari nzima na abiria akikosa ndege ya pili kwa sababu ya kuchelewa kwa ya kwanza, shirika linatafuta nyingine.

Anayekwenda Marekani au Kanada ajue kwamba kwenye mji wa kwanza wa nchi hizo kwa kawaida abiria huchukua valizi yake mwenyewe, huipitisha duane, kisha huirudisha kwenye mkanda, hata kama herufi zinaonyesha mji wa mbele. Wengi wameiacha ikizunguka kwa sababu hawakuambiwa.

Pasipoti, kadi ya njano, dawa, simu, betri za kuchajia na pesa ziwe mkononi. Nyama ya pori iachwe nyumbani, maana Ulaya itachukuliwa na huenda mtu akatozwa faini. Jina na nambari ya simu ya anakokwenda viandikwe nje ya valizi, na viandikwe tena ndani, kwa sababu kikaratasi cha nje hung'oka.

Valizi isipoonekana, mtu asitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kwenda kwenye meza ya malalamiko na kupewa karatasi yenye nambari. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya valizi iliyovunjika huandikwa ndani ya siku 7, na ya iliyochelewa ndani ya siku 21 tangu ilipopokelewa. Siku 21 zikipita bila valizi kufika, mwenyewe anaweza kuidai kama iliyopotea. Ushahidi wake wa kwanza ni kile kipande kidogo alichopewa Luano. Wengi hukitupa pamoja na karatasi ya biskuti.

Anayesikiliza habari hii akiwa kambini, akingoja jina lake liitwe, hana valizi ya kilo 32. Huenda ana mfuko mmoja tu. Na aanze leo kupanga karatasi zake: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za shule, vyeti vya hospitali, vyote katika plastiki moja isiyoingia maji, na picha zake kwenye simu ya ndugu aliye mahali pengine. Waliotoka Kapanga mwaka 1977 na waliolala kwenye stesheni ya Kolwezi mwaka 1993 hawakupata muda wa kupanga.